Nilivyotafuta Wawindaji Zhanxi

Kaka yangu hajawahi kuniomba kitu chepesi. Wenzangu wanaombwa simu na magauni ya harusi. Mimi nimepanga chumba hapa Guangzhou, China, nashinda soko la Zhanxi nikivutana na wauza viatu, na siku hiyo kaka alinipigia kutoka kijijini akasema, "Mdogo wangu, nitafutie wawindaji."

Nikamwambia, "Kaka, mimi napakia makontena. Hao wawindaji nitawatoa kwenye boksi gani?"

Hakucheka. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Kijiji chetu, kusini mwa Tanzania, kilitenga pori lake kwa ajili ya wanyama. Kwa miaka mingi kampuni ya uwindaji ilileta humo wazee wa Kizungu waliovaa kaki, na ada walizolipa ndizo zilizowalipa askari wa pori, ambao ni vijana wetu wenyewe. Kaka ndiye mkuu wao. Aliwahi kuvunjwa mbavu na nyati, akarudi kazini hata hajaweza kupiga chafya vizuri. Sasa wale wazee wamechoka, wengine wamefariki, na watoto wao hawataki hata kuishika bunduki. Kampuni ikafunga kambi ikaondoka. Askari wakabaki wanalinda bure, na baada ya mavuno mkutano wa kijiji ungeamua pori libaki au ligawanywe mashamba.

"Si kuna wawindaji wenyeji?" nikamuuliza.

"Wapo tele, ndiyo shida nyingine. Wamebakiziwa eneo la wazi, lisilo la kampuni, ng'ambo ya mto, wote wamejazana hapo. Magari, pikipiki, kila mtu anamfukuza swala yuleyule. Jumamosi ukisikia milio utadhani kuna harusi. Na leseni yao haiwezi kumlisha askari hata chumvi. Huko kwenu watu wamejaa na hela wanazo. Wakipatikana wachache tu, kampuni itarudi."

Nilikasirika. Kaka anadhani China ni mtaa mmoja na mimi ndiye balozi wake. Lakini nililala na maneno yake, na asubuhi hasira ilikuwa imegeuka huzuni. Mtu huyu hana kingine. Pori likienda, naye ameenda.

Hapa Guangzhou hakuna anayenunua maneno. Unaonyesha sampo ya bidhaa kwanza, mwenzako anaivuta, anainusa, anaikunja, ndipo mnazungumza bei. Basi nikafanya vile ninavyofanya kila siku, nikamwambia kaka anitumie sampo. Akanitumia picha. Nikachagua ile niliyoiona nzuri kuliko zote: mzee wa Kizungu amepiga goti nyuma ya nyati aliyeanguka, mkono juu ya pembe, meno yote nje. Picha hiyo kwetu imetundikwa ofisi ya kijiji, na ukiitazama unaiona zahanati, kwa sababu ada ya nyati yule ndiyo iliyoiezeka.

Nilianza na laoban wangu, mama mwenye duka ninayenunua kwake buti kwa miaka. Ananiwekea kigoda na maji ya moto kila nikifika, na wateja wake wakubwa anawajua kwa majina ya watoto wao. Nikamwambia natafuta wawindaji wenye hela, nikampa simu. Akaitazama picha, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya meza.

"Bu yao," akasema. Sitaki. Neno hilo hunirushia kila siku nikimtajia bei ya kihuni, na huwa tunacheka. Siku hiyo hakucheka. Akaongea kwenye simu yake, tafsiri ikatoka kwa Kiswahili cha kuungaunga: "Huku kwetu kuua mnyama wa porini ni jela. Usimwonyeshe mtu mwingine." Akaongeza, "Kwa nini huyu mzee anacheka?"

Nilimweleza. Kwamba nyati mzee mmoja anayepigwa ndiye anayewalisha walinzi wa wote waliobaki. Sijui ile simu ilitafsiri nini, ila alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kama wanyama hao ni wa thamani hivyo, mbona watu hawawalipi walinzi tu, bila kuua?

Swali lilinichoma. Nikamrudishia kwa ukali, "Wewe ungelipa?"

Akapanga viatu vilivyokwisha kupangwa. "Sijawahi kuwaona," akasema.

Sikuwaonyesha wengine. Usiponunuliwa na anayekupenda, wa barabarani atakufuata nini? Nikampigia kaka, nikamuuliza kuhusu watalii wa kamera.

"Hao wanataka simba alale kando ya barabara. Kwetu barabara hakuna, mbung'o ndio wenyeji, na mnyama ukimwona umeona mkia. Alikuja mmoja, akavimba uso, akaondoka."

Mkutano ulikaa. Kaka alinipigia Ijumaa baada ya sala, nikiwa nakula wali barabara ya Huanshi Zhonglu.

"Waliniheshimu sana," akasema. "Nimezungumza, hakuna aliyenikatiza. Wakanipigia makofi. Kisha wakanyoosha mikono kutaka mashamba."

"Wote?"

"Wifi yako naye kanyoosha. Simlaumu. Amelala njaa na mimi mwaka mzima."

Nikamuuliza kama na yeye amegawiwa.

"Nimegawiwa. Upande wa dimbwi, pale wanapokunywa nyati."

Nilisukuma sahani pembeni. Nilitaka kumpa pole, na nikaona pole ni ya msiba, na mtu huyu bado anaongea. Kaka akakohoa.

"Mdogo wangu, huko misumeno ya mnyororo, ile ya kukatia miti, inapatikana? Kamati ya kijiji imepata kibali cha kukata miti. Wamesema niagize mimi, maana nina ndugu China."

Nikamuuliza anataka ya ukubwa gani.

Akafikiri, kwa sababu kaka akipewa kazi huifanya vizuri. Kisha akaanza kunitajia miti, mninga ulioko hapa, mkongo ulioko pale, na unene wa kila mmoja.