Insha ya Kichina ya Binti wa Mpakia Mchanga

Nilifundisha Kichina huko Kiritiri, nchi kame ya Mbeere, kwa ujasiri wa mtu aliyesoma kurasa mbili mbele ya wanafunzi wake. Mimi ni mwanamke wa Kanyakine, nimezoea baridi na migomba, na ualimu wangu ulikuwa wa Kiswahili. Shule ilipotaka kuanzisha Kichina, mwalimu mkuu aliangaza macho huku na huku, akaniona mimi, kwa kuwa nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya likizo mbili. Haya basi! Penye wasiojua, anayejua kidogo ndiye profesa.

Kuongea tuliweza. Kuandika ndiko kulikotutoa jasho. Kitabu chetu kilijaa theluji na treni za chini ya ardhi, na watoto wa Mbeere waliandika habari za theluji huku bati likiwachoma utosini. Ndipo nikaanza kutumia akili bandia kwenye simu yangu. Niliiomba initungie kisa kifupi cha Kichina chenye mbuzi, ndengu na siku ya soko, kwa maneno machache ambayo wanafunzi wangu waliyajua. Ikatunga papo hapo. Darasa lilicheka kumwona mbuzi wao ameandikwa Kichina, nao wakaanza kutunga visa vyao kwenye madaftari ya hesabu yale ya miraba, herufi moja kila mraba. Nilipiga picha kazi zao, na mashine ikanionyesha makosa ambayo peke yangu nisingeyaona. Sitasema ilikuwa mbaya. Ilinisaidia sana, nami nikazidi kuiegemea.

Kisha likaja shindano la insha za Kichina mjini Embu, la kusoma mbele za watu. Mada ilikuwa mzazi wangu. Msichana mmoja wa kidato cha pili, mkimya mpaka unasahau yupo, akaniletea yake. Niliisoma nikiwa nimesimama.

"Baba yangu anapakia mchanga kwenye lori. Jioni anakaa nje kwanza, kwa sababu mgongo wake hautaki kuinama mlangoni. Mimi ninaleta maji. Hatusemi kitu. Mimi ninafurahi amerudi."

Ilikuwa hiyo tu. Nikamwuliza kwa nini asimwambie baba yake mambo haya nyumbani. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza upuzi.

"Mwalimu, kwa Kimbeere hayo hayasemeki. Nitaona aibu. Kwa Kichina naweza." Akaongeza kwamba baba yake ameomba ruhusa kazini aje amsikie, na kwamba mimi ndiye nitakayemtafsiria.

Ningeachia hapo. Lakini mimi ni mtu wa kutaka kushinda, hata kwenye foleni ya kusaga mahindi. Niliona shule za mjini zikitucheka. Nikaiambia mashine, irefushe hii, iwe ya kushinda. Ikaniletea ukurasa mzima uliojaa methali za Kichina. Katika insha hiyo mpya, baba alimbeba binti mgongoni kwenye mvua kubwa hadi hospitali. Mvua, Kiritiri! Na kwa mgongo ule ule! Nilicheka peke yangu, kisha nikampa msichana aikariri. Mashine haikunilazimisha. Niliomba ya kushinda, ikaleta ya kushinda.

Msichana aliisoma, akauliza, "Na ile yangu?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba ile ilikuwa ya kitoto. Akasema sawa, mwalimu, akaenda kukariri.

Siku ya shindano baba alikaa safu ya mbele, koti limepigwa pasi, kofia magotini. Binti alisema yote bila kukwama, akatangazwa wa pili. Ukumbi ulipiga makofi, na baba alipiga kuliko wote, kwa maneno ambayo hakuelewa hata moja.

Tulipotoka nje alinifuata moja kwa moja. "Mwalimu, asante sana. Sasa niambie, amesema nini juu yangu?"

Binti alikuwa kando yangu na cheti chake. Nitamwambia nini mzee wa watu, habari za mvua na hospitali? Nikamtafsiria ile insha ya kwanza. Mchanga, mgongo, mlango, maji. Uso wake ukalegea, akamtazama binti yake. Nikashusha pumzi nikidhani nimeponea. Lakini njia ya mwongo ni fupi.

"Baba, sikusema hayo," binti akasema polepole. "Hayo niliandika. Mwalimu aliyatoa, simu ikaandika mengine. Nimesema ulinibeba kwenye mvua."

Mzee akafikiri. Hakukasirika, na ni afadhali angekasirika. "Sijawahi kukubeba kwenye mvua," akasema. Kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa mwalimu, huyo ambaye watu wamempigia makofi ni nani?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. "Nisamehe, mzee," nikasema. "Nimekosa." Kisha nikamwomba msamaha binti pia, na hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi, maana sikuwa nimezoea kumwomba mwanafunzi msamaha.

Mzee akamgeukia. "Hiyo yako unayo?"

Alikuwa nayo ndani ya mkoba.

"Nisomee."

Binti akainamisha kichwa. "Kwa Kimbeere?"

"Hapana. Kwa Kichina. Mwalimu ameshanieleza."

Akasoma pale pale kando ya geti, watu wakipita. Nilisikia makosa mawili, nikayaacha. Baba yake alisikiliza akitazama chini. Binti akamaliza. Mzee alinigeukia mimi.

"Amesema yote?"

"Yote, mzee."

Akageuza kofia mikononi. "Basi mwambie, kwa hicho Kichina, kwamba hata mimi ninafurahi nikimkuta nyumbani."

Nikamwambia vilevile, bila kuongeza neno.