Doa la Jicho la Kulia

Mtu aliyenipeleka mlimani alikuja kwangu akiwa mgonjwa. Alikuwa mkulima wa vitunguu kutoka Mkalama, mtu wa makamo, na alifika katika kliniki ya macho ninayofanyia kazi Singida Mjini akilalamika kwamba jicho lake lina doa lisiloondoka hata akipepesa. Nilitegemea kisukari au shinikizo la damu. Hakuwa na hata kimoja. Nilipomulika ndani nikaona michirizi ya damu kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Nikampiga picha ya jicho, nikamwonyesha, nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema ametoka Kilimanjaro. Mavuno yakiisha huenda kubeba mizigo ya watalii.

Damu ya namna hiyo nilikuwa nimeisoma tu. Huko juu hewa ni nyepesi, mishipa midogo ya jicho hutanuka, na mingine huvuja. Lakini niliyosoma mimi yalizungumzia wageni wanaopanda mara moja katika maisha yao. Kuhusu wapagazi wanaopanda msimu hadi msimu sikupata cha maana. Nikamwambia asipande tena msimu ule. Alitii, na doa likaisha. Ndipo mimi nikaanza kupanda.

Nilianza na mlima Hanang, kwa sababu uko karibu na kwa sababu sikujua kama miguu yangu ingeweza. Mama yangu, anayeuza vitenge sokoni, aliuliza nimepoteza nini huko juu. Nikamjibu kwamba ni utafiti, akaendelea kukunja vitambaa vyake. Mwaka uliofuata, vibali vilipotoka, nikapanda Kilimanjaro na wapagazi wachache waliokubali kupimwa. Mkulima wa vitunguu ndiye aliyewashawishi, naye akapanda pamoja nasi.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Kila kambi tulitundika ubao wa herufi kwenye kamba ya hema, kila mtu akasoma kwa jicho moja moja, kisha akaingia hemani, akajifunika blanketi, nikampiga picha nyuma ya jicho kwa kamera ndogo ya mkononi. Baridi ilinyonya betri, nikawa natembea nazo kwapani. Picha ya namna hiyo huwezi kujipiga mwenyewe, kwa hiyo nilimfundisha yule mkulima. Mkono wake ulitulia kuliko wa wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha.

Kambi ya mwisho kabla ya kilele tuliifikia mchana. Nilipousoma ubao kwa jicho la kulia, kila herufi niliyoikazia macho ilikuwa na kivuli juu yake. Nikadhani ni uchovu. Nikaingia chini ya blanketi, naye akanipiga picha, akaitazama kwa muda.

"Daktari," akasema, "hii ni kama ile yangu."

Ilikuwa kweli, na damu yangu ilikaa karibu zaidi na katikati, pale jicho linapoonea vizuri kuliko kwingine. Sitaficha kwamba kwanza nilifurahi, kama mtu aliyeokota alichokuwa akikitafuta. Nikamwambia tutaendelea, kwamba kipimo cha kileleni ndicho kinachohitajika kuliko vyote. Nilitoa hoja nyingi, baadhi zilikuwa za kweli. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi ulinikataza, nikakaa nyumbani msimu ule wote," akasema. "Na mimi jicho langu la kupalilia vitunguu tu. Wewe la kwako unapasulia watu."

Tulishuka muda uleule, wenzake wakafungasha mahema na kutufuata. Utafiti uliishia hapo.

Kilichofuata nyumbani kilikuwa kigumu zaidi ya kushuka. Upasuaji wa mtoto wa jicho unataka macho mawili mazima, kwa sababu bila hayo daktari hapimi vizuri kina cha kisu chake. Katika kijiji cha Mgori kulikuwa na bibi niliyemwahidi kumpasua wiki hiyo. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Nilikwenda mwenyewe kumwambia. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza kwamba atangoja kwa sababu jicho langu limeumia.

"Limeumia wapi, mjukuu wangu?"

"Mlimani, bibi. Nilikwenda kupima macho ya watu."

"Mbona ya kwetu yapo huku?"

Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza. Nilianza kumweleza habari za wapagazi na hewa nyepesi, nikasikia maneno yangu yanavyopwaya, nikaacha. Akaagiza niletewe uji.

Alingoja miezi miwili. Nilipasua jicho moja, kisha la pili, na yote yalikwenda vizuri. Sasa anachambua mchicha wake mwenyewe na kulalamika kwamba nyumba ni chafu kuliko alivyodhani. Doa langu lilinyauka, ingawa nikitazama ukuta mweupe bado naona kitu kidogo cha kijivu. Ripoti niliituma kwa jarida la kitabibu, ikarudi na maelezo kwamba waliopimwa ni wachache na kilele hakimo. Wamesema kweli.

Sijapanda tena. Kamera iko kwa mkulima, ambaye akipanda na wenzake huwapiga picha wanaokubali na kunitumia kwa simu. Nyingi zina ukungu. Nazifungua kliniki ikiisha, moja baada ya nyingine. Nikiona damu nampigia haraka kumwambia amshushe mwenye jicho, na mara nyingi nakuta ameshamshusha.