Nati ya Tatu

Kabla hajawa mtu wa kunyanyua wazee vitandani, Elisante alikuwa fundi pikipiki Arusha, na si fundi wa kubahatisha. Miaka kumi na minne alikaza nati kwa spana ya kawaida huku akiwacheka wanaohitaji kipimo. "Kipimo ni huu," alikuwa akisema, akinyoosha mkono wa kulia. Fundi anayesoma karatasi ya maelekezo alimwona sawa na mpishi anayeuliza kama maji yamechemka.

Marekani ilimpa kazi nyingine. Mwaka wa kumi na tisa huu yuko kwenye nyumba ya wazee, si mbali na kwake Springfield. Anawageuza, anawaogesha, anawahamishia kwenye viti vya magurudumu. Kazi ya heshima, na anaifanya kwa moyo, ila haijawahi kumfanya aitwe fundi. Ndiyo maana alipofikisha miaka hamsini na mbili alinunua pikipiki kuukuu ya silinda mbili, akaagiza ekzosi mpya yenye mngurumo wa maana, akamtangazia mkewe Euphrasia kwamba ataifunga mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Kimutai, jirani yao Mkenya, alikuja gereji na spana ya kipimo, ile unayoitegea namba, na nguvu ikifika hapo inalia tak.

"Mzee, tumia hii. Hapo ni aluminium, usiforce."

"Mdogo wangu, mimi nimefunga ekzosi kabla hujaota ndevu."

Kimutai akacheka, akaiweka spana yake mezani, akageuza ndoo na kuikalia atazame.

Ekzosi ya zamani ilitoka bila ubishi. Mpya ikakaa mahali pake. Nati ya kwanza ikakazwa, na ya pili. Ya tatu Elisante aliivuta, akaona bado. Akaongeza kidogo. Alikuwa akiingoja ile dalili anayoijua tangu ujana, pale nati inapogoma ghafla na kukwambia basi. Haikumwambia kitu. Akaongeza tena, na bolti ikakatika, kipande kimoja kikabaki ndani ya spana, kingine kikanasa ndani ya injini.

"Hiyo ilikuwa tight kitambo," Kimutai alisema polepole. "Mkono ulikuwa hadi unatetemeka, mzee. Hukufeel?"

Elisante alilaumu chuma. Akalaumu viwanda. Alikuwa bado analaumu, mkewe Euphrasia akaingia na chai. Euphrasia ni muuguzi, na hakupoteza muda na viwanda. Alirudi jikoni, akaja na vijiti viwili vya kuchokolea meno.

"Baba Tito, fumba macho." Akamgusa ncha ya kidole. "Vingapi?"

"Kimoja."

Vilikuwa viwili. Akarudia kidole cha pili, na cha tatu, na jibu likawa lile lile.

"Tangu Pasaka unaangusha vikombe," alisema. "Nikikwambia nenda hospitali, unanijibu vikombe vya siku hizi vinateleza."

Mawazo ya Elisante yalikuwa yamekwisha kwenda kazini, kwa Bi Violet, bibi wa chumba namba kumi na mbili. Mikono ya bibi huyo ilikuwa na alama za bluu, juu kidogo ya viwiko, mahali pale pale anapomshika kila asubuhi akimwinua. Wauguzi walisema ni ngozi ya uzee na dawa za damu. Elisante alikuwa wa kwanza kukubali. Moyoni alimwona bibi mlalamishi tu. Sasa aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Nikisema, wataniondoa kwa wazee," alimwambia mkewe.

"Huenda," alisema Euphrasia. Hakumdanganya.

Walihangaika na kile kipande cha bolti kilichonasa hadi alasiri, kwa mafuta, moto na uvumilivu wa Kimutai, kikatoka, wakaweka bolti mpya. Safari hii Elisante aliichukua spana ya kipimo bila kuambiwa. Alivuta kidogo tu, ikalia tak. Hakuamini. Alilegeza, akarudia, ikalia pale pale, mapema mno, kabla hata hajaanza kuvuta kwa jinsi alivyozoea. Pikipiki ilipowaka ilinguruma vizuri sana. Aliizima upesi.

Jumatatu alimweleza msimamizi wake kila kitu, kisha akaomba dakika tano. Alimkuta Bi Violet amekaa kitandani, amekwisha kunyoosha mikono tayari kuinuliwa. Elisante akavuta kiti na kuketi, mikono yake mapajani.

"Leo atakuja mwingine kukuinua," alimwambia. "Hizo alama ni mimi. Vidole vyangu vimekufa ganzi, sikujua nakubana kiasi gani. Nisamehe. Lakini mbona hukuniambia?"

Bi Violet alimtazama bila hasira.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nakuambia kila asubuhi."