Ushauri Niliompa Akinyi

Laiti ningemwambia mpwa wangu Akinyi kwamba sijui. Lakini mtu aliyerudi Kibera kutoka Doha na diploma yake, aliyoisomea kwa jasho lake, atasemaje hajui? Akinyi alipata A- na akaniuliza kama aombe ufadhili wa chuo kikuu.

“Usijiaibishe,” nikamjibu. “Hao hutaka A tupu.”

Akaacha, muda wa kuomba ukapita.

Jumamosi, jirani yetu Mercy alifanyiwa sherehe kwa kupata ufadhili uleule. Nikapewa maikrofoni, nikanguruma, “Mercy, waambie wenye B wasijisumbue!”

Mercy akacheka. “Anko, si hata mimi nilipata B+? Niliomba tu.”

Hema zima likaangua kicheko. Akinyi, aliyekuwa akigawa chai, akaweka birika chini.

“Anko, si uliniambia wanataka A tupu?”