Spika Nne za Fundi Anselmi

Fundi Anselmi alikuwa na kinyaa, lakini si kinyaa cha uchafu kama wetu sisi. Mende waliozaliana ndani ya redio za watu aliwakung'uta kwa kiganja kitupu, kisha akanywa chai yake bila hata kunawa. Lililomchefua ni sauti chafu. Redio ikikwaruza mbele yake, uso ulimkunjika kama aliyelamba shubiri, na mwenye redio akaambiwa papo hapo kwamba ameishi na mzoga ndani ya nyumba na hajausikia ukinuka.

Kinyaa hicho alirudi nacho kutoka vitani. Alizaliwa Bihawana, kijiji jirani na Dodoma, kwa baba aliyechonga ilimba, marimba ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba, lakini huko Burma Waingereza walimvika vyombo vya masikioni wakamfundisha mitambo ya mawasiliano. Alijifunza kwamba neno moja likisikika vibaya, watu wanakufa. Aliporudi Dodoma aliomba kibaraza mbele ya duka la Gulamrasul, muuza redio, akaweka meza yake hapo. Kwa miaka kumi na miwili mji mzima ukajua kwamba anayetaka redio yake iseme safi ampelekee Anselmi. Ng'ombe hakuwa nao, na shamba lake lilikuwa la kuchekesha. Alichokuwa nacho ni jina hilo tu, na alilitunza kama mboni ya jicho.

Mwaka wa 1958 akaja Shaaban, mpiga gitaa wa bendi ya pale mjini, na gitaa la umeme kutoka Nairobi. Bendi ya Morogoro ingekuja kushindana nao Jumapili alasiri, naye alitaka amplifaya ya kuwafunika. Anselmi alifanya kazi siku nne. Alitengeneza kasha la mninga, akafunga ndani yake spika moja ya inchi kumi na mbili iliyotoka kwenye sinema ya zamani. Shaaban alipogusa uzi mnene wa gitaa, sauti ilitoka pana na tulivu, kama ya mtu mzima anayeongea akijua atasikilizwa. Anselmi alifumba macho kwa raha.

Shaaban alijikuna kichwa. "Nzuri, kaka Anselmi. Ila imelala. Wenzetu wa Morogoro wana spika mbili. Mimi nataka nne."

"Nne za ukubwa gani?"

"Zozote. Hizi ndogo za redio si unazo?"

Anselmi alitema mate nje ya kibaraza. "Nisikilize, Shaaban. Spika ndogo ina kifua kidogo. Sauti nyembamba itaitoa, tena kali, mpaka barabarani wataisikia. Ile nene haiiwezi. Ukiilazimisha, karatasi yake inatapatapa na kukwaruza. Ukifunga nne, makelele yatazidi, maana zinasukuma hewa kwa pamoja, lakini kifua kinabaki kilekile. Wenye mafua wanne hawafanyi mwimbaji mmoja!"

"Watu wakiziona nne watajua tuna nguvu."

"Wanakuja kusikiliza au kuhesabu?"

"Wanakuja kucheza, kaka. Kama hutaki, kule stesheni kuna fundi."

Fundi wa stesheni! Yule aliyeunga nyaya kwa plasta ya vidonda! Anselmi hakuweza kustahimili. Aliing'oa spika kubwa kwa hasira, akatoboa matundu manne kwenye mninga wake mzuri, akafunga spika nne za inchi sita. Alichojiapia ni kimoja: aibu ikizidi, atachomoa waya ukutani kabla watu hawajauliza nani ametengeneza takataka ile.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Watu wa vijijini nao walikuja, na shangazi yake Paskalia akiwa miongoni mwao. Anselmi alimwamkia, "Shikamoo shangazi," kisha akaenda kusimama kando ya ukuta, karibu na plagi.

Wa Morogoro walipiga kwanza, wakashangiliwa kwa adabu. Kisha Shaaban akapanda, akafungua sauti mpaka mwisho, akaupiga uzi mnene.

Mungu wangu! Spika nne zilipiga kelele kwa pamoja, zikavuma, zikakwaruza, kila noti ikiburuta mkia wa uchafu nyuma yake. Kichefuchefu kilimpanda Anselmi mpaka kooni. Aliinama akaishika plagi.

Mkono wa Paskalia ukamkamata kifundo cha mkono. Mama yule alikuwa akitokwa jasho na machozi.

"Wewe! Unataka kufanya nini?"

"Nazima, shangazi. Husikii inavyokwaruza?"

"Nasikia, ndiyo nalia. Hiyo ni ilimba ya baba yako! Umesahau alivyokuwa akitafuta utando wa buibui asubuhi, akaubandika kwenye tundu la ilimba ili ivume hivyohivyo? Isiyovuma alikuwa anaichoma moto. Alisema ni bubu."

Anselmi aliinua kichwa. Ukumbi mzima ulikuwa unacheza. Wazee wa Bihawana walitikisa mabega, karani wa boma alivua koti, na hata wapiga tarumbeta wa Morogoro walikuwa wameshuka kucheza. Alitazama nyuso zile zilizojaa furaha, akaona kinyaa kipya, kibaya kuliko vyote. Miaka kumi na miwili amewasafishia redio, na walichokuwa wakikitamani ni uchafu! Na mguu wake mwenyewe, mbwa yule, ulikuwa unagonga sakafu.

Aliachia plagi.

Wimbo ulipokwisha, Shaaban alishika kipaza sauti, nacho kilikuwa kimeungwa kwenye kasha lilelile. Akapaza sauti kwa nguvu zake zote kumtaja aliyeitengeneza amplifaya ile. Jina likapita kwenye spika nne, likatoka limechanika, likivuma kama nyuki kwenye debe: Anzzzelmi!

Watu walilipenda. Walilirudia vilevile, na mvumo wake, mara tatu. Kesho yake wateja walimwita hivyo sokoni, Gulamrasul akamwita hivyo dukani, na mpaka Waingereza wanafunga virago hakuna mtu Dodoma aliyelitamka tena jina lake likiwa safi.