Uwanja wa Kumpeleka Kimani

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, Fidelis hutoka kwenye kibaraza chake cha ghorofa ya tatu pale Springfield kuangalia uzi. Ni uzi mwekundu wa sufu, ameufunga kwenye reli. Ukining'inia tu, anarudi ndani. Ukicheza, anasimama akikadiria upepo unatoka wapi na kisahani kingerushwa vipi, hata kama siku yenyewe ni ya kazi na anakwenda Sterling kulinda geti la jengo lisilo na madirisha, limejaa kompyuta tupu.

Mchezo wake ni gofu ya visahani. Hakuna mpira, hakuna shimo. Unarusha kisahani cha plastiki toka mbali mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma kilichosimama juu ya mlingoti, kina minyororo ya kukinasa. Alifundishwa na Kimani, Mkenya waliyefanya naye kazi kiwanda cha kuku, miaka tisa iliyopita. Kule walikuwa wakitoka zamu wananuka damu ya kuku hadi kwenye kope. Kurusha visahani ndiko kulikokuwa kuoga kwao.

Mwezi wa nne Kimani akapiga simu kutoka Texas.

"Buda, mwezi ujao nakuja ubalozini, pasi imeisha. Ijumaa namaliza, Jumamosi niko free, Jumapili narudi. Jumanne napasuliwa bega. Daktari anasema huu mkono baada ya hapo ni wa kusalimia watu tu. Kwa hivyo nataka game moja ya mwisho, mimi na wewe. Chagua uwanja wa maana."

Fidelis aliichukua kazi hiyo kama mtu anayemtafutia mwanawe mchumba. Jumamosi tatu alizunguka. Uwanja wa kwanza, ng'ambo ya mto, upande wa Maryland, ulikuwa wa mabata bukini. Yalikuwa yamekunya kila mahali, kijani, laini, yaani ukikanyaga unateleza. Kisahani chake kilitua humo, akakiokota na vidole viwili, na njia nzima ya kurudi aliendesha gari mkono mmoja, ule mwingine kauning'iniza dirishani. Wa pili ulikuwa kando ya barabara kuu. Kwenye kikapu cha nne alikuta nepi iliyotumika, imekunjwa vizuri kama zawadi. Hakuendelea hadi cha tano.

Wa tatu ulikuwa msituni, si mbali na kwake. Kijito chembamba, miti mirefu, na kikapu kimoja ambacho kisahani lazima kipite katikati ya mialoni miwili, nafasi ya bega moja tu. Fidelis alikaa juu ya gogo pale nusu saa. Akajua ni hapa.

Kosa lake lilikuwa kusema. Jumapili, baada ya ibada, Mama Dorothea, mwenyekiti wa umoja wa watu wa kwao waishio huku ugenini, alimuuliza mbona haonekani Jumamosi. Akajibu kuwa ana mgeni, anamtafutia pa kucheza. Kufika jioni kuna grupu la WhatsApp, "Mapokezi ya Kimani", watu thelathini na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyemjua Kimani.

Kikao kikakaa kwa Dorothea, Sterling.

"Kaka Fide, huo msitu wako una choo?"

"Hauna, mama mwenyekiti."

"Meza je?"

"Hatuendi kula. Tunakwenda kucheza."

Watu wakacheka, wakadhani anatania. Isack, aliyepewa kazi ya nyama, akasema, "Mtu atoke Texas aje kuonyeshwa miti? Mgeni huyo au kuni?"

"Na atalala wapi?" Dorothea akauliza. "Kwenye hicho chumba chako kimoja, mbanane kama dagaa? Atalala hapa kwangu. Mgeni si wako, kaka. Mgeni ni wetu."

Wakamtaka ataje viwanja vingine alivyoviona, wakanyoosha mikono. Ukashinda uwanja wa mabata, kwa sababu una choo, meza, kivuli na pa kuegesha magari. Kwao mtu akibishana na kamati ya mgeni, jina lake linakuwa mchoyo, na jina hilo halifutiki.

Jumamosi alifika uwanjani saa tatu kamili, kama walivyoagana na Kimani. Wenzake wakafika na Kimani saa saba na nusu, magari tisa. Kwanza dua, halafu utambulisho, kila mtu asimame aseme jina, kwao na kazi. Kimani akavishwa kitenge juu ya lile bega bovu. Fidelis alikaa mwisho wa meza, anaangalia. Nzi juu ya pilau. Kachumbari imelegea kwa jua. Watoto wanatoka nyasini na viatu vya kijani, wanavivua kwa mikono, wanapanda mkeka, na mikono ileile inaingia kwenye sinia. Akaisukuma sahani yake pembeni.

"Nusu saa tu, buda," Kimani akamwambia kwa mbali. "Siwezi kuwakatisha hawa wamama."

Saa kumi hivi Fidelis akainuka peke yake kwenda kwenye kikapu cha kwanza, ajue upepo. Alikuta moshi. Isack alikuwa ametandika foili ndani ya kikapu, akamwaga mkaa, akawasha. Mbavu za mbuzi zilining'inia kwenye minyororo, mafuta yanachuruzika hadi kwenye mlingoti, mbwa wa mtu anaulamba.

"Wazungu wana akili," Isack akasema, anageuza ubavu. "Majiko wametapanya kila kona, tena yana minyororo ya kuning'inizia nyama. Sisi hatukulijua hili."

Nyuma yake wanawake wawili wa Kizungu walisimama na visahani mkononi, wanasubiri zamu yao kwa adabu, hawajui waseme nini. Fidelis aliona aibu imempanda hadi masikioni.

"Isack, zima. Hicho ndicho tulichokuja kuchezea."

"Tutazima, kaka. Ngoja huu upande uive."

Kimani akaja na mama mwenyekiti. Mkononi alishika kisahani, na juu ya kisahani kuna mbavu, pilipili na mifupa iliyokwisha kugugunwa. Alikuwa anacheka. Midomo yake iling'aa mafuta.

"Manze, hii si mbaya. Onja basi, buda."

"Kimani. Tunacheza au hatuchezi?"

Kimani aliangalia kikapu kinachofuka, akaangalia watu nyuma yake. Akalamba kidole gumba.

"Tutarusha siku ingine."

"Siku gani?"

Dorothea ndiye aliyejibu. "Kaka Fide, kula kwanza. Usimuudhi mgeni."

Fidelis alitazama kile kidole gumba, kimelowa mate. Akageuza uso. Akachukua begi lake la visahani, akawapita wale wanawake wawili akiwaomba radhi, akapita meza, magari, choo. Alisikia akiitwa mara mbili, mara ya pili ni sauti ya Kimani. Akaingia kwenye gari, akaondoka. Siku ile hakurudi, na kwenye umoja wao hajakanyaga tena.