Punje Nyeusi Ndani ya Pete ya Mama

Mama alikuwa mjane wa muda mrefu aliponiambia kwamba kuna mwanamume anataka kumwoa. Ilikuwa mwaka 2012. Alinieleza huku akipanga samaki wakavu wa Longech, kule ufukweni mwa Ziwa Turkana, kwenye meza yake pale soko la Lodwar, bila kuniangalia, kama mtu anayetaja habari za mvua. Mwanamume mwenyewe alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwenye duka la nafaka katika kambi ya Kakuma. Nilimjua kwa sura, kwa kuwa nilikuwa nafundisha shule ya msingi kambini. Alikuwa mrefu, mpole, na kila alipotusalimia kwa Kiturkana, "ejok", kwa lafudhi yake ya kigeni, tulicheka, naye akacheka pamoja nasi.

Alikuwa amempa Mama pete. Alisema ni almasi, urithi kutoka kwa mama yake mzazi, aliyewahi kuwapikia wafanyabiashara wa Kigiriki huko Juba. Bibi wa nyumba ile alipohama alimvua mpishi wake aproni, akamvika pete.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, hakuamini hata neno moja. Alisema mtu hawezi kuvuka mpaka wa Nadapal na vita nyuma yake akiwa na almasi mfukoni, kisha aje kuuza mtama. Kile ni kioo, alisema, na anayeanza ndoa kwa kioo ataimaliza kwa uongo mkubwa zaidi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema pete ikapimwe, ila mwenye pete awepo, kwa sababu yeye hamchunguzi mtu akiwa amempa kisogo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mmoja Mkongo, mzazi wa mwanafunzi wangu. Alikuwa akiuza vitenge Kakuma, lakini kwao alikuwa amefanya kazi katika ofisi ya wanunuzi wa almasi, akizichambua. Nilimwomba, akakubali kwa furaha. Alisema macho yake yamechoka kutazama nguo.

Jumamosi moja asubuhi tukakutana dukani kwa mama huyo Mkongo, yule mzee mwenye pete ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, Mjomba amesimama mlangoni. Mama Mkongo aliosha pete kwa maji ya sabuni na mswaki laini, akaifuta, akatuambia kwamba vumbi la Turkana linaweza kumdanganya mtu akadhani ni dosari. Akaipulizia pumzi. Ukungu ukapotea papo hapo. Alisema hiyo ni dalili tu, haijawa ushahidi. Ndipo akatoa lenzi ndogo ya kukunja, ile inayokuza kitu mara kumi, akaisogeza karibu kabisa na jicho lake na kulileta jiwe mbele yake kwenye mwanga wa mlangoni.

Alitazama kwa muda mrefu. Mama alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso.

Hatimaye mama Mkongo alimgeukia yule mzee, akamuuliza kama anajua ndani ya jiwe lake mna nini. Mzee alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Iko nyeusi moja, pembeni, kama simsim. Mama yangu alionyesha mimi kwa jua, nikiwa mtoto."

"Njo ile," mama Mkongo akasema kwa Kiswahili cha Kongo, akimaanisha ndiyo hiyo. "Naiona. Na kingo zake bado kali, kioo ingelika. Iko almasi ya kweli, baba."

Mjomba aliuliza inakuwaje almasi ya kweli iwe na uchafu ndani. Mama Mkongo akamwita, akampa lenzi, akamfundisha kuishika. Uchafu huo, alisema, jiwe limezaliwa nao chini ya ardhi: punje ya madini mengine, ufa mwembamba kama unyoya, au wingu la vidoa. Wapimaji hulipanga jiwe kwa ngazi. Ngazi ya juu kabisa ni ya jiwe ambalo hata kwa lenzi hiyo huoni kitu, nayo ni nadra sana. Chini yake kuna yale ambayo fundi mwenyewe huhangaika kuona dosari, kisha yale ambayo fundi haoni taabu kuiona kwa lenzi. Mwisho ni yale ambayo dosari huonekana kwa macho matupu. Na doa si doa tu. Huangaliwa ukubwa wake, liko mahali gani, la rangi gani, na kama yapo mengine. La katikati hulishusha jiwe kuliko la pembeni. Letu aliliweka ngazi ya mwisho, sehemu yake ya juu, ingawa alionya kwamba jiwe lililobanwa na dhahabu halipimwi kikamilifu.

"Hakuna mawe mawili yenye alama sawa," alisema. "Mwenyewe atalijua lake."

Mjomba alikodoa jicho kwenye lenzi hata tukadhani amesinzia. Aliponyanyua kichwa hakumwomba mtu radhi. Alivuta kiti akaketi kando ya yule mzee, akamuuliza mama yake alikuwa akipika nini kwa wale Wagiriki. Mzee akaanza kueleza samaki wa Mto Nile na mafuta ya zeituni, na Mama akaingilia kusema tilapia wa ziwa letu ni mtamu zaidi. Walibishana mpaka chai ikaletwa.

Mwaka uliofuata walifunga ndoa kanisani Lodwar. Wiki moja kabla, Mjomba na bwana harusi walikwenda Lorugum kwa pikipiki kuchagua mbuzi wa karamu. Pikipiki iliharibika njiani wakarudi kwa pickup, wameketi katikati ya mbuzi, nguo zote vumbi, wakicheka kitu ambacho hakuna aliyekubali kutuambia. Mama aliwaletea maji ya kunawa, akammiminia mumewe mtarajiwa kwanza. Mjomba akanyoosha mikono yake, akangoja zamu.